Kigingi kimepandwa kiwanjani kwangu, wanasema barabara kuu itapita "siku za mbele". Nimalizie nyumba au niache?

LentaImekauka:
Wakuu habari za majukumu. Niende moja kwa moja maana kichwa kinaniuma. Nina kiwanja nilinunua miaka sita iliyopita, hati ninayo, nimejenga kwa kujinyima mpaka nyumba imefika lenta, mbao za kuezekea zimeshanunuliwa ziko chini ya turubai. Wiki mbili zilizopita nimeenda nikakuta kigingi cha zege pembeni ya shimo la choo, kimepakwa nyekundu na kina namba, na ukutani kwa jirani wamechora alama. Hakuna aliyepiga hodi. Nikaenda ofisini, kijana mmoja akaniambia barabara kuu mpya inapangwa kupita huku, njia nne labda sita, "ila ni plani ya siku za mbele mzee usiogope". Siku za mbele ndo lini? Akacheka tu. Kibali cha kuendelea na ujenzi nimeambiwa nisubiri, nisubiri nini hakuna anayejua. Kuuza siwezi, kila anayekuja akiona kile kigingi anaaga. Benki walikuwa kwenye hatua za mwisho za mkopo nao wamesikia, simu hawapokei.

Sasa swali: nimalizie nihamie au niache? Na wakija kubomoa wanalipa lenta au wanalipa nyumba? Wenye uzoefu tafadhali, wa kutania wapite pembeni leo.

MsemaHovyo:
Kichimbue usiku ukipande kwa yule jirani unayegombana nae. Uzi ufungwe.

SaveyaMstaafu:
MsemaHovyo hapo unampeleka mwenzio mahabusu. LentaImekauka usikiguse hicho kigingi, sehemu nyingi ni kosa la jinai na isitoshe hakikusaidii, kina kuratibu zake, yaani namba za mahali kilipo, zimeandikwa kwenye daftari, ukikitoa wanarudi kesho na mashine wanakirudisha palepale.

Nimepima barabara zaidi ya miaka ishirini, ngoja nikutoe hofu kidogo halafu nikurudishie. Kigingi cha zege chenye namba si lazima kiwe mpaka wa barabara. Mara nyingi hicho ni kituo cha kupimia tu, tunavipanda kila baada ya mita mia kadhaa mahali ambapo vinaonana, tunaviita vigingi vya udhibiti, na vinaweza kuwa mbali kabisa na pale lami itapita. Kigingi cha katikati ya barabara kinaandikwa umbali kutoka mwanzo wa mradi, kwa mfano 12+340 maana yake kilomita 12 na mita 340. Kigingi cha ukingo wa hifadhi, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara pande zote mbili, ndo cha kuogopwa. Kwa hiyo kabla hujalia nenda kasome kimeandikwaje upige na picha.

Pili, plani haianzi na mstari. Inaanza na ukanda mpana, unaweza kuwa na upana wa kilomita nzima, unachorwa mezani kwa picha za satelaiti na ramani za miinuko. Ndani yake wanachora njia mbadala mbili tatu nne. Kisha upembuzi yakinifu, hapo wanapima gharama ya madaraja, udongo, mafuriko, mazingira na watu wangapi watahamishwa kwa kila njia. Moja inachaguliwa, unakuja usanifu wa kina, hapo ndo mstari unatulia kwa sentimita. Kati ya ukanda na sentimita inaweza kupita miaka mitano, inaweza kupita thelathini. Vigingi vinapandwa hata kwenye njia mbadala ambazo zitakuja kutupwa.

LentaImekauka:
Ahsante mzee wangu, umenipa pumzi. Ila kama ni mstari tu kwenye karatasi si waupinde kidogo? Upande wa pili kuna pori tupu, mita ishirini tu.

SaveyaMstaafu:
Hilo swali nimeulizwa na kila mama mwenye nyumba na sijawahi kulijibu kwa amani. Barabara ya kijijini unaipinda utakavyo, hata mti wa mzee fulani unaukwepa. Barabara kuu ya kasi ya 120 haipindi hivyo. Kona yake inahitaji nusu kipenyo cha mita 700 hivi, na huwezi kupinda kushoto ukarudi kulia papo hapo. Piga hesabu mwenyewe: kusogeza mstari mita 20 tu kwa kona za namna hiyo lazima uanze kupinda karibu robo kilomita kabla ya nyumba yako na ukae robo kilomita nyingine baada yake ukirudi. Kwenye hiyo nusu kilomita unakuwa umeingia kwenye nyumba za wengine ambao nao wana lenta. Bado mto unataka uvukwe pale ulipo mwembamba, bado kilima, maana lori lililojaa halipandi mteremko mkali. Kwa hiyo injinia akisema haiwezekani kupinda mara nyingi hasemi uongo.

Mara nyingi. Si mara zote.

KakaMkubwa:
Mimi niseme lisilopendwa. Kila mtu anataka barabara ila ipite kwa mwenzie. Barabara haipiti hewani ndugu zangu, lazima ipite juu ya kiwanja cha mtu. Na wengi wanaolia humu walijenga ndani ya hifadhi wakijua. Swali la kwanza siku zote ni hili: barabara ilikukuta au uliikuta? Kama uliikuta ukajenga pembeni yake ndani ya hifadhi, hapo umevamia, usitegemee fidia. Kama ilikukuta, unalipwa.

MsemaHovyo:
Na kama hifadhi ilikuwa mita kadhaa nikajenga nje yake, halafu sheria ikabadilika ikaongezwa ikanifikia mimi nimelala ndani, hapo nani kamkuta mwenzie?

KakaMkubwa:
Hapo barabara imekukuta.

MsemaHovyo:
Basi waandikie hivyo hivyo na wao.

Bi_Mkokoteni:
KakaMkubwa kaka yangu shikamoo, ila "unalipwa" umeitamka kama kuchukua chenji dukani. Mimi shamba langu lilipitiwa miaka iliyopita, nieleze wengine wajifunze maana fidia ya eneo lililochukuliwa nililipwa, sikatai.

Walichukua kipande cha katikati. Yaani shamba lilikuwa moja likawa mawili, kisima upande huu, mimea na ng'ombe upande ule, katikati magari ya mwendo kasi na fensi. Kivuko kipo kilomita mbili na nusu mbele, kufika ng'ambo ni tano na kurudi tano nyingine, kumi kila siku na ndoo. Kwenye hesabu ya fidia waliandika mita za mraba zilizochukuliwa mara bei, basi. Kipande cha pili kilichobaki ng'ambo kikawa pembetatu haimtoshi mtu kulima wala kujenga, nikabaki nakilipia kodi ya ardhi. Kingine ambacho hakuna aliyenionya: barabara ilijengwa juu ya tuta, juu kweli kuliko paa la banda langu, na kalvati moja, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, mdomo wake ukaelekezwa kwangu. Mvua ya kwanza tu nililala nimesimama. Kwenda kulalamika nikaambiwa banda haliko kwenye hifadhi ya barabara kwa hiyo haliwahusu. Lilikuwa haliwahusu mpaka walipolimwagia maji.

Kwa hiyo LentaImekauka ukienda kuona mchoro usitazame tu mstari unapita wapi, uliza utapita kwa kimo gani, kalvati zitatazama wapi, na utavukia wapi.

Mthamini_wa_Zamani:
Bi Mkokoteni pole sana, na ulichoeleza kina jina kwenye kazi yetu, ni hasara ya kugawanywa na hasara ya kuathiriwa kile kilichobaki, na sheria za nchi nyingi zinavitambua. Shida ni kwamba havijilipi. Mthamini akija na fomu yenye safu ya ardhi, safu ya jengo na safu ya mazao, atajaza hizo tatu aondoke. Ukisaini bila kusema, umekubali.

Nirudi kwa mwenye uzi, aliuliza wanalipa lenta au nyumba. Wanalipa kile kilichopo siku ya uthamini, au siku ya ukomo iliyotangazwa. Siku ya ukomo ni ile ambayo baada yake chochote utakachoongeza hakihesabiwi. Wanaiweka kwa sababu watu tunafahamiana, ukisikia barabara inakuja unaona usiku mmoja kumeota nyumba za tofali zisizo na msingi, na miche ya matunda imesongamana mpaka panya hapiti. Siku hizi wanapiga picha za angani kabla ya kutangaza kwa hiyo mchezo huo umekufa, karibu kufa. Lakini angalia, siku ya ukomo ni kitu cha kutangazwa rasmi kwa maandishi. Maneno ya kijana wa ofisini si siku ya ukomo. Kigingi si siku ya ukomo.

Kuhusu bei. Kuna mahali wanalipa thamani ya soko, yaani ungeuza kwa hiari ungepata ngapi. Kuna miradi inayofuata masharti ya wakopeshaji kama Benki ya Dunia, hapo jengo linalipwa gharama ya kulijenga upya bila kukata uchakavu, tofauti yake ni kubwa mno kwa nyumba ya zamani. India sheria yao ya 2013 inaongeza asilimia 100 juu ya thamani kama kifuta machozi, na ardhi ya vijijini thamani inazidishwa kwanza mpaka mara mbili. Uingereza mwenye nyumba anayehamishwa kwenye makazi yake anaongezewa asilimia 10 ya thamani yenye kikomo. Kwa hiyo swali la kuuliza ofisini ni "kwa kanuni ipi", maana "shilingi ngapi" watakujibu hawajui na kwa hatua hiyo ni kweli hawajui.

Na kuna kanuni moja ambayo kila mtu humu angeijua tungepunguza kuibiwa. Mwaka 1947 kulikuwa na kesi ya machimbo ya mawe Trinidad, Pointe Gourde, ilifika mpaka baraza la rufaa London. Ikaamuliwa kwamba kwenye fidia huongezewi thamani iliyoletwa na mradi wenyewe. Yaani huwezi kusema ardhi yangu imepanda kwa sababu barabara inakuja, nilipe bei ya kando ya barabara. Watu wengi wanaijua nusu hiyo kwa sababu ndo wanayosomewa. Nusu ya pili ni kwamba na hasara iliyoletwa na mradi haihesabiwi vilevile. Kama bei imeanguka kwa sababu ya kigingi chao, hawana haki ya kukulipa hiyo bei iliyoanguka. Unalipwa kama vile kigingi hakijawahi kuwepo. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zinaifuata kanuni hii kwa namna moja au nyingine, muulize mwanasheria wa huko uliko.

LentaImekauka:
Hii ya nusu ya pili sijawahi kuisikia maishani. Ila mzee mbona inanihusu siku ya kulipwa tu, mimi shida yangu ni leo. Hawajachukua, hawajalipa, hawajaniruhusu kujenga, siwezi kuuza. Niko kama mtu aliyeambiwa shika hapa nakuja.

Mthamini_wa_Zamani:
Umeligusa lenyewe, na mimi naona huo ndo ugonjwa, bomoabomoa ni kilio cha siku moja. Mstari uliochorwa bila tarehe unakula mali ya mtu polepole na hakuna risiti.

Na si kwamba serikali zote hazijalishtukia. Wapo waliolifikiria mpaka mahakamani. Jimbo la North Carolina Marekani walipitisha sheria 1987, idara ya barabara ikisajili ramani ya njia ya baadaye basi aliye ndani ya mstari hapewi kibali cha kujenga wala kugawa kiwanja. Bila kununua, bila kulipa, bila kikomo. Nia yao ilikuwa wazi, ardhi isijengwe ili siku ya kuinunua iwe rahisi. Kuna barabara ya mzunguko ya kuuzunguka mji wa Winston-Salem, ramani ya sehemu moja ilisajiliwa 1997 na watu wakakaa nayo karibu miaka ishirini. Wakashtaki, na 2016 mahakama kuu ya jimbo ikasema kwa kauli moja: ulipozuia ujenzi kwa ramani ulishatwaa, kwa hiyo lipa. Sheria yenyewe ikafutwa 2019.

Korea Kusini walikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1999 mahakama yao ya katiba ilisema kumfungia mtu ardhi muda mrefu kwa mpango wa barabara au bustani bila kumlipa kunavunja katiba. Ikatungwa kanuni ya kuisha muda: mpango ukikaa miaka 20 haujatekelezwa unafutika wenyewe, na Julai 2020 mipango mingi ikaanza kufutika kweli, wenye manispaa wakahangaika kukimbizana na saa.

SaveyaMstaafu:
Wajapani mbona umewaruka, wao hawana huo mchezo wa kufutika.

Mthamini_wa_Zamani:
Ndiyo nilikuwa naenda huko. Japani kuna mistari ya barabara iliyochorwa Tokyo 1946 baada ya vita, mingine haijajengwa mpaka kizazi hiki. Lakini hawakuzuii kujenga moja kwa moja, sheria yao ya mipango miji ya 1968 inakuruhusu jengo jepesi, ghorofa mbili mwisho, bila chumba cha chini ya ardhi, kitu kinachobomoleka kirahisi. Kwa hiyo unaishi. Ila fidia ya kusubiri sahau, 2005 mahakama yao ya juu ilimkatalia mtu ambaye ardhi yake ilikaa ndani ya mpango zaidi ya miaka 60, wakaona kizuizi hicho bado ni cha kuvumilika.

Mimi binafsi Mkorea ndo namuelewa. Kama serikali haijapata pesa miaka 20, iachie.

KakaMkubwa:
Sawa na akishaiachia, watu wakajenga maghorofa, mwaka unaofuata pesa zikapatikana, barabara inapita wapi? Mnabomoa maghorofa? Kila mji wenye foleni uliokosa njia ya kupanua ni mji ambao babu zake hawakuhifadhi ardhi. Nawaunga mkono wanaochora mapema, kuchora mapema ni kuwahurumia wajukuu.

Mthamini_wa_Zamani:
Kuchora mapema sijakataa kaka. Nimesema kuchora mapema na kulipa mwishoni, hapo katikati anayelipia ni mmoja, na ni huyu mwenye lenta. Uingereza wana kitu kizuri hapo: mwenye kuishi kwenye nyumba iliyoangukiwa na mstari, akithibitisha amejaribu kuuza kwa bei ya haki imeshindikana kwa sababu ya ule mpango, anapeleka notisi kuilazimisha mamlaka inunue sasa hivi, wasisubiri tingatinga. Kuna masharti na wanaweza kuikataa, lakini mlango upo. Serikali nayo inafaidika, inanunua kidogokidogo, inapangisha nyumba mpaka siku ya ujenzi.

MsemaHovyo:
Sasa naweka utani pembeni maana KakaMkubwa anachora picha kama vile kila mstari unachorwa na malaika. Wanasema unapita kwenye gharama ndogo. Gharama ya nani? Kwenye kompyuta ya injinia nyumba ya maskini ni nafuu, kwa hiyo njia ya bei rahisi siku zote itapita kwa maskini, hata injinia asipokuwa na roho mbaya. Marekani baada ya sheria ya barabara kuu ya 1956, ile ya maili 41,000 na serikali kuu ikilipa asilimia 90, njia zilipasua mitaa ya watu weusi mji baada ya mji. Rondo kule St. Paul, Overtown kule Miami, Claiborne Avenue kule New Orleans. Na New York yule bosi wa ujenzi wa barabara, Robert Moses, na barabara yake ya Cross Bronx, maili moja tu ya mtaa wa East Tremont iliondoa familia zaidi ya 1,500, na wakazi walikuwa wamemuonyesha njia nyingine jirani tu inayobomoa majengo machache sana. Akakataa. Saveya alisema "mara nyingi, si mara zote", basi hiyo ndo si mara zote.

SaveyaMstaafu:
Hapo sina ubishi. Nimewahi kupima njia mbadala nne, ya kwanza kwa ubora kwenye ripoti ikaja kuwa ya tatu kwenye ripoti ya mwisho, na shamba fulani kubwa likabaki halijaguswa. Sikuuliza, nilikuwa kijana na nina watoto wadogo.

gereji_ya_kona:
Samahani wakuu, mnaongelea wenye hati tu. Mimi napanga. Nina gereji kwenye kiwanja cha mtu mwaka wa kumi na moja, wateja wote wananijua pale, shimo la kukagulia magari nimechimba mimi, umeme mkubwa nimevuta mimi. Kwetu nako alama zimechorwa. Mwenye kiwanja ameshaanza kuongea kwa furaha, anasubiri hela. Mimi napata nini?

Mthamini_wa_Zamani:
Inategemea umeandikishana nini. Vitu ulivyojenga mwenyewe kama una mkataba unaosema ni vyako, au hata risiti, dai vithaminiwe kwa jina lako kwenye jedwali, ile orodha ya wanaolipwa fidia. Hasara ya biashara na gharama ya kuhama nazo zinalipwa sehemu nyingi lakini watakuuliza vitabu vya hesabu, na mwenye gereji asiye na vitabu anahesabiwa kama mpita njia. Hata Marekani yenyewe ilichukua mpaka 1970 kutunga sheria moja ya kuwalipa wanaohamishwa na miradi ya serikali kuu gharama za kuhama, wapangaji wakiwemo. Kabla ya hapo wapangaji wengi waliondoka na godoro tu. Anza kuandika mauzo leo, daftari la mistari linatosha.

gereji_ya_kona:
Naanza leo. Na la mwaka jana nalikumbuka kichwani.

Mthamini_wa_Zamani:
La kichwani liache huko huko kichwani.

Bi_Mkokoteni:
Niongezee la wanawake maana hakuna atakayelisema. Majina. Kwetu wapo wenzangu nyumba iko kwa jina la marehemu, mirathi haijafunguliwa, siku ya kuandikisha anatokea shemeji anasema andika mimi. Hela ikitoka inatoka kwa aliye kwenye jedwali, na ukishalipwa wewe sio, kuifuata ni kesi ya miaka. Kama kigingi kimeshaonekana, fungueni mirathi sasa hivi. Na makaburi yahesabiwe, mtaona aibu kusema lakini semeni.

dada_wa_ghorofa:
Na wale ambao barabara haiwagusi hata sentimita? Dirisha langu litakuwa mita nane kutoka lami. Siko kwenye jedwali lolote, hakuna anayenijua.

MsemaHovyo:
Dada wewe ni mtu wa Acklam Road. Pale London 1970 walifungua barabara ya juu, Westway, imepita inakaribia kugusa madirisha ya ghorofani, na kwa kuwa ardhi yao haikuchukuliwa hawakuwa na fidia. Siku ya ufunguzi wakatundika mabango nje ya madirisha, kamera zote zikageuka kuwapiga wao. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuwalipa wanaoshushiwa thamani na kelele, moshi, mtikisiko na taa za barabara hata kama hawakuchukuliwa ardhi. Mwaka huohuo mpango mzima wa barabara za mzunguko za London, Ringways, ukatupwa baada ya uchaguzi wa jiji. Yaani watu walihamishwa, mitaa ikachakaa ikisubiri, halafu sehemu kubwa haikujengwa kabisa.

KakaMkubwa:
Na foleni ya London mnaiona.

MsemaHovyo:
Naiona kwenye picha, sijawahi kufika.

LentaImekauka:
Wakuu nimesoma yote mara mbili. Naomba mnisaidie la kufanya kesho asubuhi, nikifika pale ofisini nisiwe bubu tena.

SaveyaMstaafu:
Piga picha kigingi na maandishi yake. Chukua kuratibu za kona nne za kiwanja kutoka kwenye hati yako, uende nazo. Ukifika usiulize "barabara inapita kwangu?" watakujibu ndiyo ili uondoke. Omba kuona mchoro wa njia mbadala, uliza mradi uko hatua gani, upembuzi au usanifu, uliza kiwanja chako kiko kilomita ngapi kutoka mwanzo na mita ngapi kutoka katikati. Hayo maswali matatu yatawafanya wakae vizuri kwenye kiti.

Mthamini_wa_Zamani:
Na omba kwa barua, sio kwa mdomo. Barua ya kibali cha ujenzi pia, iliyokataliwa ikataliwe kwa maandishi na sababu, maana kukataliwa kwa maandishi ni ushahidi na "subiri" ni upepo. Kama kuna mkutano wa wadau kuhusu njia, nenda uongee na uhakikishe umeandikwa kwenye muhtasari. Kwenye hatua ya njia mbadala sauti ya mtu mmoja bado inaweza kusogeza kitu, usanifu wa kina ukishapita umebaki kubishania hela tu. Piga picha nyumba yote leo zenye tarehe, weka risiti za saruji na nondo. Kuhusu kuezeka, mimi ningeezeka kama una pa kuhamia hapo maana kodi unayolipa kwingine hairudi, ila si kuongeza ghorofa, na tofali za fensi ziache zikae.

Bi_Mkokoteni:
Na usiuze kwa dalali atakayekuja wiki hii na huruma nyingi.

LentaImekauka:
Wakuu nimerudi, ni miezi minne sasa, wengi mmeniulizia inbox nikawa kimya, nisameheni. Mrejesho.

Kigingi cha chooni ni kituo cha kupimia kama alivyosema mzee Saveya, kina herufi na namba tupu, hakina alama ya kujumlisha. Ila furaha ilikuwa fupi. Nilivyoomba mchoro walinizungusha safari tatu, ya nne nikaja na barua ndo nikaonyeshwa. Njia ziko tatu. Moja iko mbali kabisa nje ya mji, moja inanigusa kona ya nyuma, moja inapita sebuleni. Bado hawajachagua, wako upembuzi. Nimekwenda mkutano nikaongea dakika mbili, mikono inatetemeka, nikauliza kalvati zitatazama wapi, injinia mmoja akaacha kuandika akanitazama, baadae alinifuata nje akanionyesha kwenye laptopu. Jirani yangu yule wa ukuta hakungoja, kauza. Aliyenunua kanunua na viwanja vingine vitano mstari huohuo, vyote upande wa ile njia ya kona ya nyuma. Kajuaje mimi sijui, ninyi mtajua.

Nimeezeka. Vyumba viwili tu nimepiga plasta, tumehamia.

Mthamini_wa_Zamani:
Barua ulipata muhuri wa kupokelewa?

LentaImekauka:
Nimepata. Nakala mbili, moja ninayo na moja iko kwa mama mkwe, huko hakuna barabara itakayofika.

SaveyaMstaafu:
Anakaa wapi mama mkwe, tuangalie.